Kiti cha Tisa Katika Kesi ya Corvell Tate

Jedidah alikuwa mtu wa kulala mchana. Kwa miaka sita alifanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee kule Euless, Texas, na akirudi asubuhi hufunga mapazia, hunywa uji nusu kikombe, kisha hujilaza huku ndege zikipita juu ya paa kuelekea uwanjani, moja baada ya nyingine, mpaka mngurumo wake ukawa kama pumzi ya nyumba yenyewe. Ndiyo maana siku ile aliposikia sauti ya mwimbaji Corvell Tate ikimwimbia, alidhani anaota.

Sauti ilikuwa ileile, nzito na laini, yenye kubembeleza. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Kakamega, wasichana wa bweni zima walisukana nywele huku kaseti ya Tate ikizunguka. Sasa sauti hiyo ilimwongoza kwenye ngazi nyeupe zilizopinda, na kila alipokanyaga moja, nyingine ilizaliwa mbele yake. Juu kabisa alisimama mwanamke aliyevaa gauni, amempa mgongo. Jedidah alitaka kumwita asigeuke, asisogee, lakini midomo yake ilikuwa mizito kama imeshonwa.

Alipozinduka, sauti ilikuwa ikiendelea. Ilitoka sebuleni. Mumewe, Absalom, alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi na sare yake ya kazi ya mizigo, rimoti mkononi.

"Mama Sheldon, samahani. Sikutaka uione hivi," alisema. "Wametengeneza filamu ya makala. Sehemu nne. Ni kesi yote."

Kwenye kioo cha televisheni, kamera ilikuwa ikipanda polepole ngazi nyeupe.

Absalom peke yake ndiye aliyejua. Miaka kumi na mmoja nyuma, walipokuwa wakiishi Houston, Jedidah alikuwa hajamaliza hata miaka miwili tangu ale kiapo cha uraia wa Marekani, barua ikamfikia kumwita mahakamani. Aliitwa kuwa mmoja wa juri, wale watu kumi na wawili wa kawaida wanaokaa kando ya ukumbi, wakasikiliza ushahidi, kisha wakaamua kama mshtakiwa ana hatia. Wakampa kiti cha tisa. Alipoinua macho, mshtakiwa alikuwa Corvell Tate.

Marehemu aliitwa Noelle. Alikuwa mchumba wa Tate, na alianguka kutoka kwenye roshani ya ndani ya nyumba ya Tate, ghorofa ya pili, akafa chini ya ngazi. Mwendesha mashtaka alisema alisukumwa. Mawakili wa Tate walisema aliteleza, kisigino cha kiatu kilivunjika, na mwenye nyumba alikuwa studio, nyuma kabisa, hakusikia kitu. Jirani alisikia ugomvi lakini hakuwa na hakika ni saa ngapi. Wiki tatu walisikiliza. Walipofungiwa chumbani wakaamue, kumi na mmoja walisema ushahidi hautoshi. Jedidah peke yake alisema mtu yule ameua, naye alishikilia hivyo siku moja na nusu, na sheria ya Texas hairuhusu juri iamue mpaka wote wawe na kauli moja.

Aliyemgeuza alikuwa Mzanzibari, dereva wa teksi aitwaye Shuaib, aliyekaa kiti cha nne. Tangu wiki ya kwanza walikuwa wakila pamoja na kuzungumza Kiswahili, mpaka askari wa mahakama akawakataza, kwa kuwa wenzao walidhani wanaamua kesi kwa siri. Siku ya mwisho, mbele ya wote, Shuaib aliivunja amri hiyo mara moja tu. Alimgeukia akamwuliza, "Dada Jedidah, hilo wewe wajua au wahisi?"

Jedidah aliwatazama wale kumi na mmoja. Kisha akajibu, "Nahisi." Saa nane mchana mkono wake ukaungana na mikono mingine. Tate akatoka nje akiwapungia watu, na kwa sheria ya nchi hiyo, kesi ile haiwezi kurudiwa tena mpaka mwisho wa dunia.

Sasa alikaa kando ya mumewe, akatazama. Alitazama siku ile, na siku tatu zilizofuata, kila akirudi kazini. Katika sehemu ya tatu walicheza ujumbe wa simu. Noelle alikuwa amempigia rafiki yake dakika ishirini kabla ya kufa, rafiki hakupokea, sauti ikabaki. "Nikikutwa nimeumia humu ndani," sauti ilisema, kwa utulivu kama mtu anayeacha maagizo ya kumwagilia maua, "ujue sikujiumiza mwenyewe." Msimulizi akaeleza kwamba jaji alikataa juri isikie maneno hayo, kwa sababu aliyeyasema hakuwapo tena wa kuhojiwa. Juri walitolewa ukumbini muda wa saa nzima mawakili wakibishana.

Jedidah aliikumbuka saa ile. Waliletewa biskuti za siagi kwenye sahani ya karatasi. Shuaib aliwasimulia habari ya abiria wake mmoja aliyepanda teksi na mbuzi, wakacheka mpaka askari akagonga mlango.

Tangu hapo hakulala vizuri. Akifumba macho zinakuja ngazi, linakuja gauni la njano. Kazini, akiwageuza wazee kitandani, aliona mikono yake ikifanya kazi mbali naye, kama iko ndani ya maji. Na chumba cha mapumziko hakikuwa na habari nyingine.

"Bale batu ba juri, Mungu abasamehe tu," alisema Généreuse, mwenzake wa kazini, Mkongomani aliyekuja kutoka mtaa wa Vickery Meadow, huku akimenya ndizi. "Banaona mutu anaimba muzuri, banamwachilia. Dada, weye ungefanya vile?"

"Sijui," Jedidah alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Mwanamke aliyejitambulisha kama Fiona alisema ni mtayarishaji wa ile filamu. Walikuwa wanatengeneza sehemu ya tano, ya mwisho, na walitaka kusikia kutoka kwa mjumbe wa juri. Wenzake wote walikataa. Je, yeye angekuja Houston akae mbele ya kamera? Jedidah alikubali kabla Fiona hajamaliza. Alipokata simu, Absalom alimwuliza anakwenda kusema nini.

"Nitajua nikifika."

"Mama Sheldon, hao watu wanajua tayari wanachotaka useme."

"Basi nitawaambia kingine."

Alisafiri kwa basi. Nje ya dirisha Texas ilikuwa tambarare na nyeupe kwa joto, malisho na mabango, malisho na mabango, mpaka ikawa kama basi limesimama na nchi ndiyo inayotembea. Alisinzia, akazinduka, akasinzia tena. Katika usingizi mmoja alikuwa amekaa kiti cha tisa, lakini kizimbani hapakuwa na mtu, pamewekwa sahani ya biskuti.

Kabla ya kwenda hotelini kwa Fiona, alipitia mtaa wa Sharpstown. Namba ya Shuaib alikuwa ameihifadhi miaka yote bila kuipiga; safari hii aliipiga, akaelekezwa nyumba. Mke wake, Badria, ndiye aliyemfungulia, akamkumbatia kana kwamba waliachana jana.

"Karibu, karibu, mwanangu. Mzee yuko ndani. Macho yamemtupa mkono, lakini ulimi bado."

Shuaib alikuwa amekaa dirishani, kofia kichwani, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya karibu kila kitu. Alikuwa anaona vivuli tu. Teksi alikuwa ameiacha.

"Dada Jedidah," alisema kabla hajasalimiwa. "Nilikuwa nakungoja tangu waianze filamu yao."

"Umeitazama, mzee?"

"Nitatazama na nini? Weka, nisikie."

Aliiweka kwenye simu yake, sehemu ya tatu, wakakaa wote watatu. Nje, jua la alasiri liliwaka juu ya magari. Shuaib alisikiliza kama mtu anayesikiliza injini mbovu. Baada ya robo saa aliinua mkono.

"Hebu nambie. Kortini palikuwa na kinanda?"

"Kinanda?"

"Kila akitajwa yule bwana, kinanda chashuka chini, chagugumia. Akitajwa yule mtoto marehemu, chapanda juu, chalia. Sikumbuki kortini palikuwa na kinanda. Nakumbuka mashine ya baridi ikipiga kelele tu."

Jedidah alicheka bila kutaka. Kisha akasema, "Lakini mimi sio muziki unaonisumbua, mzee. Ni yeye. Namwona na lile gauni lake la njano."

Shuaib aligeuza uso kutoka dirishani. "La njano?"

"Gauni alilovaa siku ile."

"Gauni lilikuwa la buluu. Lina mkanda mweupe. Walilileta ndani ya mfuko wa plastiki, wakalipitisha mbele yetu, na wewe ukageuza uso."

Jedidah alitazama simu. Pale kwenye kioo, mwanamke mwenye gauni la njano alikuwa akipanda ngazi polepole, akionyeshwa kwa nyuma. Alikuwa mwigizaji tu, uso wake haukuwahi kuonekana. Buluu. Alijaribu kuukumbuka ule mfuko wa plastiki, ukaja, ukiwa hafifu, na ndani yake gauni likageuka njano machoni pake. Kama rangi imebadilishwa ndani ya kichwa chake bila mlango kubishwa, ni nini kingine kimebadilishwa?

"Na ule ujumbe wa simu?" aliuliza. "Ule nao ni kinanda?"

"La. Ule ni kweli."

"Ungeusikia siku ile, ungesemaje?"

Shuaib alivua kofia, akaiweka gotini. "Ningesema kama ulivyosema wewe."

"Basi tulikosea."

"Tulijibu tulichoulizwa, kwa tulichopewa."

"Na hilo linakutosha?"

"Halinitoshi," alisema Shuaib. "Halijanitosha siku hata moja."

Usiku ule Jedidah alilala kwao. Asubuhi yake, saa nne, alikuwa hotelini katikati ya jiji, kwenye chumba kilichofunikwa vitambaa vyeusi ukutani, kiti kimoja kimewekwa chini ya taa. Msichana mmoja alimpaka poda usoni. Mwingine alimbana kipaza sauti kidogo kwenye ukosi. Fiona, mwenye sauti ya upole na karatasi nyingi, alimweleza maswali, na katika kila swali lilikuwamo neno kujuta.

"Tungojee dakika kumi," Fiona alisema. "Kaa chumba cha pili, kuna kahawa."

Chumba cha pili kilikuwa na mtu. Mwanamke mzee, mweusi, mrefu, mwenye mvi zilizochanwa nyuma, amekaa wima na mkoba mapajani. Jedidah alimjua kabla hajainua uso. Kila siku ya kesi alikuwa akikaa mstari wa mbele. Marguerite, mama yake Noelle.

Marguerite alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma namba ya nyumba kwa mbali.

"Wewe ni kiti cha tisa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wiki tatu nilikuwa nikikutazama. Wenzako walimwangalia yule mwimbaji. Wewe ulikuwa unaangalia picha ya mwanangu. Nikasema moyoni, yule pale ni wangu. Angalau ninaye mmoja."

Jedidah alibaki amesimama. "Nilikuwa wako," alisema. "Kwa siku moja na nusu."

"Kisha?"

"Kisha nikasogea."

"Kwa nini?" Marguerite hakupandisha sauti. "Nyinyi mlitolewa kwa mlango wa nyuma. Miaka kumi na mmoja, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kulikuwa na nini mle chumbani."

Mlango ulikuwa wazi. Fiona alikuwa amesimama hapo, na macho yake yalikuwa yakimeremeta. "Samahani," alinong'ona. "Tafadhali, msiendelee. Haya ni mazuri sana. Nipeni dakika mbili tulete kamera, mrudie tangu mwanzo."

Neno lile, mrudie, lilimwamsha Jedidah kama maji ya baridi. Aliona kila kitu: kinanda kikipanda, uso wake ukionyeshwa taratibu, na mama huyu akiulizwa swali lake mara ya pili, na ya tatu, mpaka mwanga ukubali. Alishika kile kipaza sauti, akakibandua kwenye ukosi, akakiweka juu ya meza kando ya kahawa.

"Sitarekodi," alisema. "Nimekuja kuongea na huyu mama."

"Lakini ulikubali..."

"Nilikubali. Sasa nimekataa. Dada, tufungie mlango."

Fiona alimtazama Marguerite, akitafuta msaada. Marguerite alitazama mkoba wake. Mlango ukafungwa.

Ndipo Jedidah akakaa, akamweleza. Alimweleza chumba chenyewe, kisichokuwa na dirisha, na meza ndefu iliyokwaruzwa. Alimweleza walivyochora saa za usiku ule kwenye ubao, na walivyoshindwa kuziunganisha. Walivyopitisha kile kiatu mkono kwa mkono. Mtu aliyelia chooni. Mtu aliyesema hawezi kula. Alimweleza jinsi yeye alivyohisi kwa mwili mzima kwamba Tate alimsukuma Noelle, na alivyoulizwa kama anajua au anahisi, naye akatafuta ndani yake na kukuta hisia tupu. Hakuficha hata biskuti. Hakuficha hata kicheko. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya mbali, na wakati mwingine alisikia kama anasimulia ndoto ya mtu mwingine, lakini hakuacha.

Alipomaliza, Marguerite aliisukuma kando kahawa iliyokwisha kupoa.

"Basi haikuwa kwamba hamkumjali," alisema.

"Hapana, mama."

"Ningependa ingekuwa hivyo. Ningewachukia kwa urahisi." Akafungua mkoba, akatafuta, akatoa funguo za gari. "Huyo mwanamume aliyekuuliza. Yuko hai?"

"Yuko Sharpstown."

"Nipeleke."

Barabara kuu ilipanda juu ya mji, jua likajaa kwenye vioo, na Jedidah akaona kama gari linaelea, mapaa ya majumba ya kupanga yakipita chini yao kama mawe chini ya mto.

Badria alifungua mlango, akawatazama, akaelewa bila kuambiwa. Akasogea kando. Shuaib alisikia nyayo za watu wawili, akasimama, mkono mmoja ukutani.

"Ni mama yake Noelle," Jedidah alisema.

Shuaib alisema kwa Kiingereza chake cha teksi, polepole, "Bibi, mimi ndiye niliyemsogeza huyu dada. Usimlaumu yeye."

"Nitamlaumu ninayemtaka," alijibu Marguerite. Lakini alikaa. Badria alileta chai na mkate wa ufuta uliokuwa bado moto, akaweka mbele yake, na Marguerite, labda kwa sababu hakuwa amekula tangu asubuhi, akamega kipande. Alimwuliza Shuaib maswali, matatu au manne, makavu, ya saa na ya ubao. Shuaib alijibu kila moja. Akamwambia ule ujumbe angeusikia angeamua vingine. Akamwambia pia kwamba kwa kile walichopewa, angeuliza swali lilelile tena leo. Marguerite alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akamega kipande kingine.

Badria hakujua Kiingereza cha kutosha kuyafuata yote. Alikuwa amekaa na birika, akiutazama uso wa mgeni. Akamgeukia Jedidah.

"Mwulize alikuwa mtoto wa namna gani."

"Nani?"

"Huyo binti. Utotoni mwake. Mwulize."

Jedidah akatafsiri. Marguerite aliacha kutafuna. Kwa muda ilionekana kama hakuelewa swali. Wiki tatu za kesi na saa nne za filamu, na watu wote waliowahi kumhoji walitaka kujua usiku mmoja tu.

"Alikuwa mwongo," alisema.

Jedidah alisita, kisha akalisema kwa Kiswahili. Badria aliinua nyusi.

"Mwongo mkubwa," Marguerite aliendelea, na kitu fulani kikalegea mdomoni mwake. "Mwendesha mashtaka aliniambia nisilitamke kamwe, mawakili wa yule mtu wangelishika. Hawa wa filamu niliwaambia, wakalikata. Lakini ndivyo alivyokuwa. Akiwa na miaka mitano aliwaambia majirani wote kwamba ana pacha, anaitwa Odette, na anaishi kabatini kwa sababu anaogopa jua. Mpaka mchungaji akaja kuniuliza kwa nini namfungia mtoto."

Shuaib akacheka kwanza, kwa sababu alielewa kwanza. Kisha tafsiri ikamfikia Badria, naye akajifunika mdomo kwa upande wa mtandio.

"Ilibidi nimwekee sahani mezani huyo Odette," alisema Marguerite. "Miaka miwili. Nikisahau, Noelle hali chakula."

"Na huyo pacha," Badria aliuliza, akimmiminia chai nyingine, "alikuwa akila?"

Marguerite alingoja Jedidah amalize, kisha akafikiri kwa makini, kama shahidi aliyekula kiapo.

"Alikula kila kitu," alisema, "isipokuwa bamia."